Kazi ni Amana au ni Zawadi?

Yako maswali ambayo hudhaniwa kuwa ni ya wafanyaji biashara peke yao, na kwamba jawabu lake hutafutwa katika daftari la faida na hasara. Moja katika hayo ni hili: mtu ameanza biashara ndogo, Mungu akaijaalia ikakua, naye sasa ahitaji watu wa kumsaidia. Je, amwajiri mwana wa nduguye aliyekaa bila ya kazi, au amwajiri mtu baki ajuaye kazi? Sisi twaona kwamba swali hili ni la adili kabla ya kuwa la faida, na kwamba mwenye kulijibu vibaya huwadhulumu watu wengi asiowaona kwa macho yake.

Swali hili lina uzito wa pekee huku bara yetu. Changamwe na Miritini kuna maegesho ya makontena, magari ya mizigo na afisi za watu wa kutoa mizigo bandarini. Kisauni na Likoni kuna karakana za kuchomea vyuma, mabekari, maduka ya dawa, shule za watu binafsi na wenye kukodisha magari. Nyingi katika hizo zilianza na mtu na mkewe, au ndugu wawili na deni. Zikifika hadi ya kuajiri watu 10 au 20, mlangoni husimama watu wa namna mbili. Kuna jamaa za mwenye mali, nao hudai kwa haki ya damu; na kuna vijana wa mtaa, nao hudai kwa haki ya ujirani, na huona kwamba nafasi zimekwisha kugawanywa kabla wao hawajabisha hodi. Mwenye mali husimama baina ya madai haya mawili, na aghalabu huyajibu kwa kuona haya, si kwa kufikiri.

Kwanza tuwafanyie insafu wale waanzao na jamaa zao. Biashara changa haina mshahara wa kumvuta mtu hodari kutoka kwengine. Ndugu hukubali kungoja hadi mwisho wa mwezi ujao, hulala dukani usiku wa mvua, na huamka alfajiri bila ya kuitwa. Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapana shaka kuwa kujuana ni rasilimali kwa mtu asiye na rasilimali nyingine. Tena, maadamu mwenye mali yupo mwenyewe kazini tangu asubuhi hata jioni, kosa la nduguye huliona siku ile ile na hulirekebisha kwa neno moja. Katika hali hiyo jicho la mwenyewe ndiyo kanuni, na udugu haudhuru kitu.

Lakini kukua hugeuza hukumu ya jambo. Mtu mmoja aweza kuwaangalia watu watano; hawezi kuwaangalia 40 walio mahali patatu. Hufika siku ambayo wale aliowaajiri ndio watakaoona kwa niaba yake, ndio watakaosema na wateja kwa jina lake, na, lililo kubwa zaidi, ndio watakaochagua wengine. Msimamizi mzembe hachagui wasaidizi hodari, kwani uhodari wao humfedhehesha. Huchagua walio chini yake, na hao nao huchagua walio chini yao. Kwa hivyo kosa katika watu 10 wa kwanza huzaa makosa katika 100 wafuatao. Baada ya miaka mwenye mali hustaajabu kuiona nyumba imejaa watu asiowajua, na husema kuwa hakuwachagua. Kwa hakika aliwachagua wote, siku ile alipomchagua yule mmoja.

Hapa mtu aweza kusema: mali ni yangu, nimeichuma kwa jasho langu, basi kazi nampa nimtakaye. Neno hili laonekana kuwa na nguvu, lakini lachanganya vitu viwili. Mali ni ya mwenyewe. Nafasi ya kazi si yake yeye peke yake. Tuseme mtu ana magari matano ya kupeleka mizigo Malaba, na akampa mpwawe kazi ya kutengeneza breki, si kwa kuwa aijua, bali kwa kuwa mama yake amekuja kulia. Gari lile siku moja lateremka kutoka Mazeras kuja Miritini, nalo limebeba kontena. Breki zile sasa ni haki ya nani? Ni haki ya dereva, aliye na watoto nyumbani. Ni haki ya abiria wa matatu iliyo mbele. Ni haki ya mwenye shehena, aliyelipa ili ifike salama. Ni haki ya wafanyakazi wote wa kampuni ile, ambao mshahara wao wategemea gari lifike na lirudi. Watu wote hao wana fungu katika nafasi ile ya kazi, wala hapana hata mmoja wao aliyeulizwa.

Basi kitu ambacho ndani yake mna haki za watu wengine hakiitwi zawadi; kwa lugha yetu huitwa amana. Mwenye mali ni mshika amana katika kuigawa kazi, kama vile mtunzaji wa mali ya yatima alivyo mshika amana katika kuitumia mali ile. Akiona huruma, huruma ni jambo jema. Lakini na aone huruma kwa kilicho chake. Mpwawe akiwa mhitaji, na amlipie kodi ya nyumba, ampe mtaji wa kuuza samaki, ama amlipie karo ya chuo cha ufundi. Hiyo ni sadaka, nayo hutoka mfukoni mwake. Ama kumpa kazi asiyoiweza ni kutoa sadaka kwa mali ya dereva, ya abiria na ya mwenye shehena. Mtoaji hupata sifa ya ukarimu katika ukoo, na gharama hulipwa na watu wasiokuwamo katika ukoo ule.

Tena hasara si ya wageni peke yao. Mpwa aliyepewa kazi asiyoiweza hudhulumiwa naye pia. Hukaa katika jambo ambalo kila siku lamwonyesha upungufu wake. Wenziwe humcheka nyuma ya mgongo. Na kwa kuwa hapana awezaye kumwambia ukweli, hapati kujifunza. Kijana ambaye angalikuwa mchuuzi hodari hufanywa fundi mbovu, kisha huambiwa kuwa hana shukrani.

Sasa, ikiwa kazi ni amana, yastahiki kupewa nani? Hapa hatuna haja ya kubuni kanuni mpya. Wasomaji wetu waijua khabari ya Nabii Musa alipofika Madyan, mgeni asiye na kitu, akawateka maji kuwanywesha wanyama wa mabinti wawili. Mmoja wao alipomshauri baba yake amwajiri, alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Hakutaja kabila lake wala hakuuliza ukoo wake. Na tazama kwamba sifa zote mbili alizitaja kwa kuziona katika kazi iliyofanyika mbele ya macho yake, si kwa kusikia. Nguvu hapa si nguvu za mikono peke yake. Ni uwezo wa kazi ile inayotakiwa. Nguvu ya mhasibu ni hesabu, nguvu ya mwalimu ni kufahamisha, nguvu ya muuza dawa ni kusoma vyema kipimo alichoandika daktari. Na sifa moja bila ya nyingine haifai. Mwaminifu asiyejua kazi ataharibu kwa nia njema. Ajuaye asiye mwaminifu ataharibu kwa ustadi.

Wako wasemao kwamba uaminifu haupatikani ila kwa mtu wa dini yetu au wa kabila letu. Kwa hawa yatosha kuwakumbusha khabari ya Hijra. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotoka Makka naye anatafutwa auawe, yeye na Abubakar walimwajiri mwongozi wa njia ambaye alikuwa hajasilimu, Abdullahi bin Uraiqit. Walimkabidhi ngamia wao wawili na wakaagana naye wakutane kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu. Naye alikuja kama walivyoagana, akawapeleka kwa njia ya pwani hata wakafika. Hapana amana iliyokuwa na khatari kubwa kuliko ile, nayo alipewa mtu baki kwa kuwa alikuwa mjuzi wa njia na mtimizaji wa ahadi. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa katika jambo la kufa na kupona, basi itakuwaje katika kuuza mikate na kupakia makontena?

Sheria ya nchi nayo yasema neno lililo karibu na hilo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, asili, lugha, dini au jinsi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Taifa ya mwaka 2008 yakataza shirika la umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Lakini sheria hii ya pili haiingii katika karakana ya mtu binafsi, na ile ya kwanza ni vigumu kuithibitisha mahakamani dhidi ya mwenye duka la watu sita. Palipo na mwanya katika sheria, hubaki dhamiri ya mwenye mali.

Lakini atauliza muulizaji: uwezo na uaminifu hujulikanaje kwa mtu ambaye leo ndiyo mara ya kwanza kumwona? Swali hili ni la haki. Watu wengi huangukia moja katika njia mbili, nazo zote mbili ni pungufu. Wengine hutazama karatasi: cheti, muhuri, jina la chuo. Cheti ni ushahidi kwamba mtu alisoma. Si ushahidi kwamba amefahamu, wala kwamba atakuja kazini Jumatatu. Wengine hutazama sura ya wema: kijana mpole, asemaye kwa adabu, aonekanaye msikitini katika safu ya mbele. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar, naye Umar akamwuliza mambo matatu: kama amewahi kuwa jirani yake, amjue aingiavyo na atokavyo, kama amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu, na kama amewahi kusafiri naye. Yule mtu alipojibu kuwa hakuwahi hata moja, Umar akamwambia kwamba basi hamjui, huenda alimwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua.

Maswali yale matatu yangali yafaa leo, na mwenye kampuni changa hana haja ya kununua kitabu cha kigeni kuyapata. Anapotaka kumwajiri mtu, na atafute watu watatu: aliyekaa naye, aliyeshirikiana naye katika fedha, na aliyekuwa naye katika taabu, kwani safari ni taabu. Na awaulize mambo yaliyotukia, asiwaulize maoni. Asiulize, je, huyu ni mtu mzuri? Maana kila mtu ni mzuri kwa rafikiye. Na aulize: ulipomkopesha, alilipa siku gani? Gari lilipoharibika njiani usiku, alifanya nini? Alipokosea, alikuja kukwambia mwenyewe au ulikuja kuligundua baadaye?

Sasa na tutazame mfano ulio karibu nasi, ambao kila mkazi wa Kisauni ameuona kwa macho. Mwaka 1951 Felix Mandl aliasisi kampuni ya saruji ya Bamburi, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954, kikiwa na uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Mwaka 1959, kampuni ingali changa, ilimwajiri kijana wa Kiswisi, René Haller, aliyesomea bustani na kilimo cha nchi za joto, na ambaye alikuwa ametumika katika shamba la kahawa Tanganyika. Kazi aliyoitiwa haikuwa ya fakhari: kusimamia mambo ya bustani na kulima chakula cha wafanyakazi. Hapana aliyejua wakati ule kwamba kazi yake kubwa ilikuwa bado haijaonekana.

Saruji hutengenezwa kwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa ardhini, na kila mwaka machimbo yalizidi kuwa makubwa. Yalibaki mashimo meupe, yenye maji ya chumvi chini yake, hayana udongo wala kivuli. Mwaka 1971 Haller alianza kuyatengeneza. Alijaribu aina 26 za miti, na karibu zote zikafa; uliositawi vyema kuliko yote ni mvinje. Hata mvinje ukaleta mushkili wake, kwani majani yake yalianguka yakalundikana bila ya kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Akatafuta kiumbe cha kuyala, akampata jongoo mwekundu wa miguu, ambaye hapana afisi yoyote ingalimwita kwa mahojiano. Jongoo wakala, udongo ukafanyika, miti mingine ikamea, wakaja ndege, samaki na wanyama. Mwaka 1984 mahali pale pakafunguliwa watu waingie, na leo pajulikana kwa jina la Haller Park. Ndipo alipopelekwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa wakati wa tsunami ya Disemba 2004. Mwaka 1987 Haller alitunukiwa tuzo ya Global 500 na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira. Kampuni yenyewe imepita mikono kadha, na mwaka 2024 ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Msitu ungali upo.

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi twakiri kwamba mgeni huyu aliiponya ardhi. Lakini funzo la khabari hii kwa mwenye kuajiri halimo katika ugeni. Limo katika mambo mawili. La kwanza, alichaguliwa kwa elimu iliyokuwa pana kuliko kazi ya siku ile. Aliyetakiwa kulima mboga alikuwa mjuzi wa miti. Kampuni inayokua na itafute mtu atakayeweza kazi ya leo na abaki na akiba kwa kazi ya kesho. La pili, alipewa nafasi na muda. Aina 26 za miti si jaribio la wiki moja. Mtu sahihi akiajiriwa kisha akafungwa mikono, ni sawa na kuwa hakuajiriwa.

Pia khabari hiyo ina upande wake wa giza, nao haufai kufichwa. Miaka ile ya ukoloni vyeo na mishahara katika nchi hii vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mswisi aliweza kuingia kwa mlango wa bustani akaja kuwa bwana wa msitu. Kijana wa Kisauni aliyeingia kwa mlango ule ule na jembe mkononi aliweza kujua mengi kuhusu mvinje na jongoo, na akabaki na jembe lake hata mwisho. Ni vipaji vingapi vilivyopotea kwa namna hiyo, hapana daftari lililovihesabu. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba baadhi yetu, tulipopata kampuni zetu wenyewe, tuliubomoa ukuta wa rangi na tukajenga wa ukoo mahali pake.

Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana lalamiko ambalo ni la zamani: kwamba kazi zipo milangoni mwao na hupewa wengine. Lalamiko hili halifai kupuuzwa. Tulitazame neno lenyewe kibarua. Asili yake ni barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Bandarini Mombasa kwa miaka mingi watu walikusanyika asubuhi, na sarahangi, mkubwa wa kikundi, ndiye aliyechagua nani aingie na nani arudi nyumbani. Riziki ya mtu ilikuwa katika kidole cha mtu mwengine. Mfumo ule ulianza kubadilishwa kwa kuwaandikisha wafanyakazi wa siku mwaka 1954; na mgomo wa bandari wa Machi 1955, ambao Tom Mboya aliingia katika kuusuluhisha, ulionyesha kwamba watu wamechoka. Lakini sarahangi hakufa. Angali yupo kila penye lango la kampuni ambapo mtu mmoja huchagua kwa kunyoosha kidole, bila ya kanuni na bila ya kuulizwa.

Kwa hivyo neno letu kuwa kazi ni amana lakata pande mbili. Lamwambia jamaa kwamba damu si cheti. Na lamwambia mwenye mali kwamba hana haki ya kumfungia mlango jirani ambaye hajampima. Asemaye kuwa vijana wa hapa ni wavivu, na aulizwe amewajaribu wangapi, kwa kazi gani na kwa muda gani. Na yule awekaye watu miaka mitatu kwa jina la vibarua, akiwaachisha siku moja na kuwarudisha ya pili ili asiwaandikie mkataba, huyo naye amekhini. Sheria ile ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na haki zake zafuata hapo. Mwenye kutaka watu waaminifu na aanze yeye kuwafanyia uaminifu.

Wala hatuwaachi wazazi na vijana nje ya jambo hili. Nguvu, yaani uwezo, haishuki usiku mmoja. Mwaka 1951 ilifunguliwa Mombasa ile taasisi ya ufundi ya Waislamu iliyojulikana kwa jina la MIOME, kwa michango ya Aga Khan, ya Mabohora, ya Sultani wa Unguja na ya serikali, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate elimu ya mitambo na ya bahari. Waliokuja na fikira ile walifahamu kwamba kulalamika mlangoni bila ya ujuzi mkononi ni nusu ya haki. Taasisi ile ilifika kuwa Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mzazi amwuzaye mbuzi wa harusi ili amlipie mwanawe karo ya ufundi amemtafutia kazi kwa njia ya haki kuliko yule aendaye kumpigia magoti tajiri.

Tukiyaleta haya katika matendo, twaona mambo manne yamlazimu mwenye kampuni inayokua. Kwanza, aiandike kazi kabla ya kumtafuta mtu: itafanywa nini, na baada ya miezi sita mtu atajulikanaje kuwa ameiweza. Asiyeiandika kazi huishia kuikata kazi kwa kipimo cha mpwawe. Pili, atangaze nafasi mahali ambapo jirani ataisikia, na wote waje kwa mlango mmoja. Tatu, ampe kila mmoja kipande cha kazi yenyewe akifanye, na amlipe kwa siku ile: fundi achomee, karani apange hesabu, mwalimu asomeshe darasa moja. Nne, autumie muda wa majaribio kwa kusudi lake. Sheria yaruhusu miezi 6, na kuongezwa hadi miezi 6 mingine kwa makubaliano. Na katika muda huo mtu aambiwe wazi kila mwezi anapofanya vyema na anapopungukiwa. Kumwacha mtu mwaka mzima bila ya neno, kisha kumfukuza kwa siku moja, ni ukatili uliovaa kanzu ya upole.

Labaki swali moja, nalo ndilo gumu. Mtu atasema: mwanangu wa ndugu si mjinga, amesoma, amefanya kazi kwengine, na amelingana na yule mtu baki. Je, niwe mkali kwake kwa sababu tu ni wangu? Kumnyima kwa udugu nako si dhuluma? Twajibu: ndiyo, ni dhuluma, na kuunga udugu ni wajibu. Akilingana na mwenziwe, hapana ubaya kumchukua. Lakini kuwa wamelingana kusihukumiwe na wewe, kwani jicho la mapenzi huona usawa pasipo na usawa. Wape kazi ya kupima watu wawili wasio wa ukoo wako, nawe utoke chumbani. Wakimchagua, mweke chini ya msimamizi asiye ndugu yenu, na mbele yake yeye umwambie msimamizi yule kwamba ana ruhusa kamili ya kumkanya na hata kumwachisha. Usipoweza kuyatamka maneno hayo, basi umekwisha kujua kwamba hukumpa kazi, ulimpa zawadi. Na wafanyakazi wengine nao watalijua hilo kabla ya siku ya mshahara. Mkosaji asiyeweza kuambiwa huwanyamazisha wote, na kampuni iliyonyamaza haijui kuwa yaoza.

Na wakimkataa, rudi kwake wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie sababu zake moja moja, na mkono wako uwe na kitu: karo, mtaji, au jina la mtu mwengine anayehitaji ujuzi alio nao. Mama yake huenda akakasirika mwaka mmoja. Lakini dereva wako atateremka Mazeras na breki zilizotengenezwa na mtu azijuaye, na mwana wa ndugu yako atakuwa chuoni.